Mei, wiki mbili, baiskeli zenye mizigo: Vía de la Plata au mashamba ya mizeituni?

Keria_Nzito

Habari za humu. Mimi na mke wangu tunataka kwenda Hispania katikati ya Mei kwa wiki mbili. Baiskeli ni zetu wenyewe, za chuma, tairi za milimita 40, mifuko miwili kila mmoja nyuma, na hema ambalo tukipata kitanda halifunguliwi. Wote tumeshavuka miaka 55. Kilomita 50 kwa siku tunaziweza, 60 tukiamka vizuri. Mlima mrefu tunakokota na hatuoni aibu.

Nilikuwa nimeshachora Vía de la Plata, njia ya zamani ya mahujaji, Sevilla mpaka Salamanca, karibu kilomita 500 kwenda kaskazini. Sasa mwenzangu ameona picha ya kijiji cheupe kilichobanwa chini ya jabali, kinaitwa Zuheros, na tangu siku hiyo ukimtajia Salamanca anabadilisha mazungumzo. Hatutaki malori, hatutaki kuzunguka usiku tukitafuta chakula. Mke wangu ana pumu kidogo, lakini dawa yake anatembea nayo. Mliopita huko, tuelekee wapi?

Mwendo_Taratibu

Shikamoo mzee. Mimi nasema Plata msiiache. Wengi wanaogopa kwa kuwa njia ya mahujaji yenyewe ina mawe na vijito, lakini mwenye mizigo halazimiki kupita humo. Ipo barabara ya zamani, N-630, inaambatana na njia ile karibu mwanzo hadi mwisho. Tangu barabara kuu ya A-66 ifunguliwe magari yamehamia huko, na N-630 imebaki na lami nzuri isiyo na watu. Kuna vipande utapanda dakika ishirini nzima bila kupishana na gari.

Mnapita Mérida, daraja la Warumi bado limesimama na watu wanavuka juu yake. Halafu nchi ya Extremadura, mialoni imetawanyika kwenye majani na nguruwe weusi wanalala chini ya vivuli. Sehemu ya kuwa waangalifu ni kaskazini ya Casar de Cáceres kwenda Cañaveral: kilomita zaidi ya 30, unazunguka bwawa kubwa la Alcántara, maji unayaona siku nzima na pa kujaza chupa hupati. Bebeni lita tatu kila mtu.

Mama_Mnyororo

Kijana amesema kweli kuhusu Plata, ila amesahau kwamba anamjibu mtu anayekokota baiskeli mlimani na hana haraka. Kaka, msikilize mkeo.

Mimi naishi Córdoba, Zuheros ni jirani. Kijiji kiko kando ya Vía Verde del Aceite. Hizi vía verde ni njia za reli zilizokufa: vyuma viling'olewa, tuta likashindiliwa, wakaachiwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kazi hiyo ilianza 1993, na leo nchi nzima zimevuka kilomita 3,000. Hii ya Aceite, yaani ya mafuta, inatoka Jaén hadi Puente Genil, kilomita 128. Treni zake zilisafirisha mafuta ya zeituni mpaka 1985. Uzuri wa reli ni kwamba garimoshi lilikuwa haliwezi mwinuko mkali, basi na nyinyi hamtakutana nao. Unapanda saa nzima bila habari, unashangaa tu mbona mapaja yanalalamika na gia bado iko palepale. Mabonde yanavukwa juu ya madaraja ya chuma. Lile la mto Guadajoz, kati ya Alcaudete na Luque, lina zaidi ya mita 200. Kukiwa na upepo, mikono miwili kwenye usukani, picha mtapiga mkishavuka.

Kitu ambacho vipeperushi havisemi: reli haikupanda vijijini. Stesheni iko chini, kijiji kiko juu, na kati yao kuna kipande kifupi cha kukutoa ulimi. Zuheros ni hivyo hivyo, ngome iko juu ya mwamba na nyumba zimejipanga chini yake. Kokoteni, fikeni, laleni hukohuko. Msishuke jioni kutafuta pa kulala bei nafuu, maana asubuhi mkeo atataka kupanda tena.

Kuhusu chakula. Maduka ya vijijini yanafungwa saa nane mchana, yanafunguliwa saa kumi na moja au baadaye, na Jumapili hayafunguliwi kabisa. Chakula cha mchana cha bei moja, sahani mbili, mkate, kinywaji na kitu kitamu, kwa euro 12 hadi 15, kinatolewa kuanzia kama saa nane. Ukiingia saa kumi na nusu jiko limezimwa na mwenye baa anakutazama kwa huruma. Usiku msitegemee kula kabla ya saa tatu. Kwa hiyo siku yenu ipangeni kwa saa za jiko kwanza, kilomita zifuate. Mkichelewa sana, upande wa Jaén bado kuna nafuu: ukiagiza kinywaji unaletewa na kisahani cha chakula bila kulipia, na vinywaji vitatu vinakuwa mlo.

Mkifika Puente Genil, wengi wanaishia hapo. Mimi ningeendelea kwa barabara ndogo: Estepa, Osuna, El Saucejo, mpaka Olvera. Vilima vya hapa si vya reli, na kivuli hakuna, hivyo vigaweni siku mbili mpaka tatu. Olvera inaanza Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 kwenda Puerto Serrano, na sehemu kubwa mnateremka. Reli hii ilichimbwa miaka ya 1920 na haikuwahi kupitisha treni ya abiria hata moja. Kazi iliachwa njiani. Yakabaki mahandaki 30, refu kuliko yote linakaribia kilomita nzima. Yako yenye taa za ndani, lakini msiziamini, washeni zenu za mbele na nyuma. Na miwani ya jua ivuliwe kabla ya mdomo wa handaki. Unatoka kwenye jua kali unaingia kwenye baridi na giza kwa pigo moja, macho hayaoni kitu, na mbele yako kuna mtoto na baiskeli ya magurudumu matatu. Katikati ya njia tazameni juu, jabali la Zaframagón, tumbusi wanazunguka wengi sana. Karibu na stesheni ya Coripe kuna mwaloni mmoja mkubwa wa kuheshimika, Chaparro de la Vega. Hapo pumzikeni, kivuli chake ni kama ukumbi.

Pancha_Tena

Naongeza mawili, sina maneno mengi kama dada hapo juu.

Mbigili. Mwisho wa kiangazi zimejaa pembezoni mwa njia hizo. Ukitaka kuegesha baiskeli, inyanyue uibebe, usiisukume kwenye majani makavu. Tyubu mbili za akiba kila mmoja, na viraka.

Plata nayo ina mbwa wa mifugo, mastín, wakubwa kama ndama. Wanalinda kondoo, hawana ugomvi na wewe. Shuka, weka baiskeli kati yako na wao, zunguka kundi taratibu. Anayekazana kupiga pedali ndiye anayefukuzwa. Halafu kofia ngumu nje ya mji ni sheria kwa kila mtu, na gari likikupita lazima likuachie mita moja na nusu. Madereva wa vijijini wengi wanatii, watakufuata nyuma polepole mpaka kona iishe. Msibabaike mkidhani wana hasira.

Keria_Nzito

Marahaba kijana, na asanteni wote. Mke wangu amesoma jibu la Mama_Mnyororo mara mbili na sasa ananiangalia kama aliyeshinda kesi. Naona ni Jaén kwenda Puerto Serrano. Lipo la kutuzuia Mei?

Mama_Mnyororo

Lipo, na ningelisema mapema kama ningesoma swali lako mpaka mstari wa mwisho: pumu. Mkoa wa Jaén una mizeituni zaidi ya milioni 60, na Mei hadi mwanzo wa Juni ndiyo inachanua. Ua lenyewe ni dogo hulioni, lakini chavua yake inapaka vioo vya magari rangi ya njano. Hospitali za huku zinajua msimu huo vizuri. Hata asiye na pumu anaweza kupiga chafya siku nzima. Mwenye pumu, akivuta pumzi za kupanda kilima kutwa katikati ya mizeituni, mimi nisingemshauri. Kuwa na dawa mfukoni si sababu ya kwenda kuijaribu.

Kama Mei haihamishiki, nendeni Plata kama alivyosema kijana, ila daktari wake aulizwe kwanza, kwa sababu Sevilla na Extremadura nako kuna mizeituni na nyasi za kutosha. Kama inahamishika, njooni mwisho wa Septemba. Joto limevunjika, chavua ya mizeituni haipo, zeituni ziko mtini bado za kijani. Mtalipia kwa mbigili za Pancha_Tena, na jua litachelewa kuchomoza mpaka kama saa mbili asubuhi. Julai na Agosti msifikirie. Écija, si mbali sana na huko mtakakopita, wenyewe wanaiita kikaango cha Andalucía, na nyuzi 40 ni kawaida.

Keria_Nzito

Basi tumehamisha. Likizo yangu inasogezeka, yake haikuwa na shida. Mwisho wa Septemba. Lililobaki ni treni: tutatua Madrid.

Mama_Mnyororo

Chukueni treni ya masafa ya kati ya Madrid kwenda Jaén, si ile ya kasi iitwayo AVE. AVE haitaki baiskeli nzima, mpaka ikunjwe au ifunguliwe ifungwe kwenye begi. Hizi za masafa ya kati zina nafasi za baiskeli lakini chache, kwa hiyo ya baiskeli ikatwe pamoja na tiketi yenu, msingoje kufika stesheni.

Kurudi, Puerto Serrano haina treni. Mtashuka Villamartín, Bornos, Arcos de la Frontera, halafu Jerez, na Jerez kuna treni ya kwenda Sevilla. Kipande hicho mpaka Arcos kinafuata barabara ya A-384 na hapo ndipo mtakapoonana na malori mliyoyakimbia. Kipangeni kiangukie Jumapili asubuhi. Mkate na jibini vinunuliwe Jumamosi kabla ya saa nane.