Poti ya swichi inafurika brodikasti (ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote): kikomo kiwe ngapi?

Njoro_Net
Wakuu habari. Hoteli hapa Moshi, swichi ni Cisco Catalyst 2960-S ya gigabiti. Mapokezi kuna kiswichi cha poti nane, kile cha kuchomeka tu kisicho na mipangilio. Mtandao mzima unaganda, taa za poti zote zinapepesa kwa pamoja, logi inajaa MACFLAP_NOTIF (onyo kuwa anwani ya kifaa kimoja inarukaruka poti hadi poti). Nikichomoa waya wa mapokezi hali inatulia. Nimeweka `storm-control broadcast level 1.00` (kikomo cha brodikasti, asilimia 1 ya uwezo wa poti) kwenye poti hiyo, lakini simu za IP bado zinakatika. Nishushe hadi ngapi?

Sakina255
Asilimia inakudanganya, mkuu. Asilimia 1 ya gigabiti ni Mbps 10, unaona kidogo. Ila fremu (kifurushi cha data) ndogo kabisa ni baiti 64, na ukiongeza baiti 20 za utangulizi na mwanya, gigabiti inabeba fremu kama 1,488,000 kwa sekunde. Kwa hiyo umeruhusu ARP (brodikasti za kuulizia anwani) zipatazo 14,880 kila sekunde, na kila kifaa kwenye VLAN (kipande hicho cha mtandao) lazima kiisome kila moja. Simu ya IP haihimili hiyo. Pima kwa idadi ya paketi kwa sekunde (pps):

```
interface GigabitEthernet1/0/12
 storm-control broadcast level pps 200 100
 storm-control action trap
```

Ikifika 200 inazuia, ikishuka chini ya 100 inaachia; `trap` hutuma onyo. Angalia `show storm-control broadcast` nyakati za kazi nyingi uone matumizi halali, ndipo uweke `action shutdown` (poti izimwe). Usiiweke hiyo shutdown kwenye poti inayounganisha swichi na swichi, utazima ghorofa nzima.

Mbauda_Fundi
Kikomo sawa, lakini MACFLAP hiyo ni mzunguko (loop). Kuna waya umechomekwa ncha zote mbili kwenye kiswichi hicho (anayefagia akikuta ncha inaning'inia, huitafutia tundu). Ongeza `spanning-tree bpduguard enable`. BPDU (ujumbe wa swichi wa kugundua mizunguko) ya Catalyst ikizunguka na kurudi poti ile ile, poti inazimwa papo hapo. Baadhi ya viswichi humeza BPDU. Hapo storm-control ndiyo kinga iliyobaki, nayo hupima kinachoingia tu, mapokezi wenyewe wataendelea kuteseka.

Njoro_Net
Niweke kikomo na kwa maltikasti (ujumbe kwa kundi) na yunikasti (kwa kifaa kimoja)? Na poti ikizimwa itajirudisha?

Sakina255
Yunikasti acha, kwenye baadhi ya modeli inahesabu hata trafiki halali. Maltikasti ikivuka kikomo, 2960 inabakiza ujumbe wa udhibiti kama BPDU na CDP (utambulisho wa vifaa vya Cisco) tu. OSPF (taarifa za njia kati ya ruta) inakatwa pamoja na video za kamera.

Haijirudishi mpaka uandike `errdisable recovery cause storm-control`, na muda wa kawaida ni sekunde 300. Kwa bpduguard usiweke: waya ukiwa bado umechomekwa, poti itafunguka na kuzimwa kila dakika 5. Toa waya kwanza, kisha `shutdown` na `no shutdown` kwa mkono.