Naomba ushauri: nifanye utafiti wa uzamili katika hospitali ninayofanyia kazi, au nitafute kwengine?

Muuguzi wa Kaskazini Pemba:

Assalamu alaykum ndugu zangu, wazee wangu na walimu wangu.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka 11 nimefanya kazi katika hospitali moja ya kisiwani Pemba ambayo naomba nisiitaje. Sasa nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uongozi wa huduma za afya katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Masomo ya darasani nimeyamaliza, alhamdulillahi. Kilichobaki ni wiki 8 za mafunzo ya vitendo pamoja na tasnifu, na msimamizi wangu anataka andiko la utafiti kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Hapo ndipo nilipokwama.

Jambo ninalotaka kulichunguza ni dawa. Kwetu mgonjwa huandikiwa dawa, akaenda dirishani, akaambiwa haipo, akanunue nje. Mimi na wenzangu tumeamini siku zote kwamba dawa haziji. Likizo iliyopita nilirudi kazini, nikaombwa kusaidia kuhesabu mali ya stoo. Kadi ya stoo, inayoonesha kiasi cha dawa kilichopo, kwa amoksilini ya maji ya watoto ilionesha sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nyuma ya maboksi ya glavu, chini kabisa ya shubaka, tukakuta katoni mbili ambazo hazijafunguliwa, na muda wake wa matumizi ulikuwa umepita kwa wiki tatu. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilimwona mama aliyetoka shamba akihesabu noti zake pale dirishani, mtoto begani anahema kwa haraka, na akaondoka mikono mitupu kwa sababu fedha ile ilitosha nauli au chupa ya duka la dawa, haikutosha vyote viwili. Tangu siku ya kuhesabu, picha ya mama yule haijanitoka.

Anayeshika stoo ile ni mtu mzima ninayemheshimu, na ndiye aliyenipokea nilipoanza kazi. Nikiandika niliyoyaona, nitakuwa nimewavua nguo watu wangu mwenyewe mbele ya maprofesa wa Dar. Waliosema aibu ya maiti aijuaye mwosha hawakukosea. Nikienda katika hospitali kubwa ya Unguja, nitakuwa mgeni, nitapewa takwimu zilizokwisha kupangwa, nitamaliza kwa wakati. Lakini swali langu halipo huko, na nina watoto wawili ambao wameshakaa na bibi yao mwaka mzima.

Nimeliuliza jambo hili katika kundi la wahitimu wa programu yetu, watu wanaozidi mia mbili, na nilichopata ni dua na maneno ya kunitakia kheri. Nashukuru kwa dua zao, ila bado nahitaji jawabu. Naomba anayejua anieleze: je, ni halali kimaadili nifanye utafiti pahala ninapoajiriwa, na nikifanya, nitaishi vipi na wenzangu baada ya hapo?

Mhitimu wa Unguja:

Waalaykum salaam dada yangu. Mimi nilimaliza shahada kama hiyo miaka sita iliyopita, na nitakwambia bila ya kuficha: toka, nenda kwengine.

Sababu ya kwanza ni ridhaa. Tangu Tamko la Helsinki la mwaka 1964, msingi wa utafiti unaohusu watu ni kwamba anayeshiriki ameshiriki kwa hiari yake. Wewe ni muuguzi mkongwe hapo, pengine ni mkubwa wa zamu. Muuguzi kijana ukimpa fomu yako ya ridhaa atatia saini, si kwa sababu ameridhika, bali kwa sababu wewe ndiye unayempangia zamu. Saini hiyo haina thamani.

Sababu ya pili nimeipitia mwenyewe. Nilifanya utafiti wangu hospitalini kwetu kuhusu muda ambao mgonjwa husubiri kabla ya kuonwa na daktari. Sikumtaja mtu yeyote. Hata hivyo hospitali yetu ina madaktari wachache, na nilipoandika kwamba siku za Jumatatu foleni huanza kusogea saa nne, kila mtu alijua Jumatatu ni zamu ya nani. Kwa miezi mingi, kila nilipoingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika. Nilipata alama nzuri, na nikampoteza rafiki ambaye mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Sitaki hayo yakufike.

Mhitimu aliyesoma Marekani:

Naheshimu maneno ya mwenzangu aliyetangulia, lakini naona amefunga mlango ambao ungeweza kuachwa nusu wazi.

Nilikosoma mimi, fani hii ina umri mkubwa. Programu ya mwanzo ya shahada ya uzamili katika uongozi wa hospitali ilianzishwa University of Chicago mwaka 1934, na aliyeiongoza alikuwa Michael Davis. Desturi iliyojengeka huko ni kwamba mwanafunzi, baina ya mwaka wa kwanza na wa pili, hupelekwa kufanya mafunzo ya vitendo katika hospitali au taasisi ya afya, na wengi wakishahitimu hukaa mwaka mzima chini ya kiongozi wa hospitali wakijifunza kazi hatua kwa hatua. Lengo ni uone namna nyumba nyengine inavyopangwa, ili ukirudi kwenu uione kwa macho mapya. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuvitenganisha vitu viwili ambavyo umeviunganisha bila ya ulazima: wiki 8 za vitendo zifanye nje ya hospitali yako, na utafiti ufanye nyumbani.

Kuhusu namna ya kuuandika, mrudie Avedis Donabedian, ambaye bila shaka mmemsoma. Makala yake ya mwaka 1966 ilitufundisha kuupima ubora wa huduma kwa mambo matatu: muundo, mchakato na matokeo. Katoni mbili nyuma ya maboksi ya glavu zina maelezo ya kimuundo, yaani ukubwa wa chumba, idadi ya mashubaka na watumishi, na zina maelezo ya kimchakato, yaani nani huandika kadi, saa ngapi, na kabla au baada ya kutoa dawa. Ukiyafuata hayo, neno "uzembe" halitakuwa na pahala pa kukaa katika tasnifu yako, wala hutalihitaji.

Jengine ni kuhusu wahitimu. Usiliulize kundi la watu mia mbili, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake atajibu. Mtafute mmoja anayefanya kazi karibu na jambo lako, umwandikie yeye peke yake, umuulize swali moja ambalo jawabu lake halizidi dakika kumi. Mimi sijawahi kunyimwa jawabu kwa njia hiyo, na wanafunzi wanaoniandikia hivyo huwajibu siku ile ile.

Katibu wa hospitali mstaafu:

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Nilikuwa katibu wa hospitali kwa muda mrefu, Unguja na Pemba, kabla ya kazi yetu haijawa na shahada. Umetaja mwosha maiti. Nami nimewahi kuosha, kwa hiyo nakwambia kwa ujuzi: mwosha haruhusiwi kuyatoa nje aliyoyaona, lakini aliyoyaona hayamfanyi aache kuosha. Aosha vizuri zaidi, na afunika. Kazi yako ndiyo hiyo.

Nikupe kisa. Katika hospitali moja niliyoihudumia, dawa zilikuwa zinapotea katika kadi namna hiyo hiyo. Nilikuwa kijana na nilikuwa na hasira, nikaandika barua, mshika stoo akahamishwa. Akaja mwengine, mwaminifu, mcha Mungu, ambaye kila mtu alimsifu. Baada ya miezi minne kadi zikawa vile vile. Ndipo nilipochukua kiti nikakaa ndani ya stoo ile kutwa nzima, jambo ambalo ningelifanya mwanzo ningekuwa sijamdhulumu mtu. Nilichokiona ni kwamba mshika stoo ndiye huyo huyo aliyekuwa akitoa dawa dirishani. Boksi likifika kutoka bohari saa tano, foleni ikiwa imefika mlangoni, huliweka popote penye nafasi, anakusudia kuandika jioni. Jioni umeme umekatika, au amechoka, au amesahau. Boksi linalofuata huwekwa mbele ya lile. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtu mmoja aliyepewa kazi za watu wawili na chumba kisichomtosha mmoja.

Tulipomtafutia msaidizi wa kuandika tu, na fundi akatutengenezea mashubaka mawili ya mbao, hali ilibadilika. Miaka ya baadaye wataalamu walipotuletea mafunzo ya Kijapani ya kupanga sehemu za kazi, ambayo kwa Kiswahili tuliyasoma kwa S tano, yaani sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, nilimkumbuka yule wa mwanzo niliyemhamisha. Nilikwenda kwake nikamtaka radhi. Alinisamehe, lakini kupandishwa cheo kulikuwa kumeshampita.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa andiko lako, nenda kwa mzee wako wa stoo. Usiende na karatasi. Kaa naye.

Mfamasia wa Chake Chake:

Dada, nachangia upande wa vipimo tu, kwa sababu hapa ndipo utafiti wa namna hii hufaulu au hufeli.

Usifanye usaili wa watumishi wa chini yako kabisa, na hoja ya ridhaa iliyotolewa hapo juu itakuwa imepungua sana uzito. Fanya utafiti wa kumbukumbu. Chagua dawa 12 hivi ambazo hospitali ya ngazi yenu haifai kuzikosa: amoksilini ya watoto, dawa mseto ya malaria, chumvichumvi za kuharisha na zinki, oksitosini, dawa za shinikizo la damu na nyenginezo. Kwa kila dawa, hesabu siku ambazo kadi inasema sifuri. Kisha chukua hati za kupokelea mzigo kutoka Bohari Kuu ya Dawa, uzilinganishe na kadi. Hapo utapata aina mbili za siku za kukosa dawa ambazo watu wote huzichanganya: siku ambazo dawa kwa kweli haikuletwa, na siku ambazo imeletwa ila haikuonekana. Aina ya mwanzo si kosa la hospitali yenu, na ya pili ina tiba ya bei ndogo. Namba hizo mbili zikitengana, tasnifu yako itawatetea wenzako badala ya kuwashitaki, kwani nina hakika sehemu kubwa ya lawama wanazobeba si zao.

Angalia pia kama kuna utaratibu wa kinachoharibika mwanzo kutoka mwanzo, yaani dawa ambayo muda wake utapita mapema ndiyo itolewe mwanzo. Katoni iliyopitwa na muda nyuma ya nyengine huonesha kwamba utaratibu huo haufuatwi, na hilo huonekana kwa macho bila ya kumuuliza mtu.

Na kwa kuwa tangu mwaka 2023 tuna Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima ya afya ya huku kwetu, usisite kuwaambia wakubwa wako kwamba hospitali yenye kumbukumbu mbovu itapata tabu kuthibitisha huduma iliyotoa. Lugha hiyo huisikia haraka.

Mratibu wa tafiti:

Naongeza jambo moja ambalo wanafunzi wetu wanaosoma Bara hulisahau mpaka likawachelewesha muhula mzima. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini afya si jambo la Muungano. Kibali cha maadili cha chuo chako cha Dar es Salaam hakikutoshi. Unahitaji pia kibali cha maadili ya utafiti wa afya cha hapa Zanzibar, na juu yake barua ya ruhusa ya uongozi wa hospitali yenyewe. Omba hivi vya huku wakati andiko lingali kwa msimamizi, usisubiri. Na katika andiko lenyewe eleza wazi, tokea ukurasa wa mwanzo, kwamba wewe ni mwajiriwa wa hospitali hiyo na umechukua hatua gani ili uhusiano huo usiharibu matokeo. Ukiwatangulia kulisema, hawatakuwa na la kukushitukizia.

Mama wa watatu, Mkoani:

Mdogo wangu, wanaume wamesema ya utafiti, mimi nasema ya nyumbani. Mwaka mmoja wa watoto kukaa na bibi umeshapita, na pengine huuoni tena kwa kuwa umeuzoea. Nilisoma nikiwa na watatu, na jambo ninalolijutia ni miezi mitano niliyobaki Unguja bila ya lazima kwa kuogopa kuonekana sikujituma. Ukipata njia ya kukaa kwenu na ukasoma vizuri, kaa kwenu.

Muuguzi wa Kaskazini Pemba:

Nawashukuru nyote, na kaka yangu Mhitimu wa Unguja namshukuru pia, kwani khofu aliyoitaja bado ninayo.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda nyumbani kwa mzee wa stoo, kama nilivyoshauriwa, mikono mitupu. Nilipomweleza alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama chuo kimenituma. Nikamwambia hapana. Akaingia ndani akatoka na daftari la skuli lenye jalada lililokatika, ambamo kwa miaka mitatu ameandika tarehe za kila alipoomba msaidizi na kila mzigo ulioletwa wakati yumo dirishani. Tarehe ya zile katoni mbili imo. Ameandika: "Nimeweka chini, nitaandika jioni." Hakunionesha kwa kulalamika, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Nimeamua utafiti nitaufanya kwetu, kwa kumbukumbu tu, bila ya usaili, na daftari lake sitalitumia isipokuwa kwa idhini yake ya maandishi. Wiki 8 za vitendo nitaomba nizifanye bohari, Unguja, watoto wakiwa katika likizo ya skuli ili niwachukue. Barua ya ruhusa ya daktari dhamana, yaani mkuu wa hospitali yetu, bado sijaipata.

Namuuliza mfamasia jambo moja. Kadi za kabla ya Julai zililowa masika yaliyopita na wino umetawanyika, nyengine hazisomeki. Je, miezi 6 iliyobaki inatosha kwa dawa 12, au nipunguze dawa nitafute hati za kupokelea za mwaka mzima?

Mfamasia wa Chake Chake:

Miezi 6 inatosha, ila usizitupe zilizolowa. Zianike, uzipige picha, na uhesabu ngapi hazisomeki, kwa sababu idadi hiyo nayo ni tokeo la utafiti wako. Hati za kupokelea zina nakala bohari, nitakuelekeza pa kuziomba.