Mjadala: Wabunge waruhusiwe kuhamisha fedha za bajeti, au kushika shilingi kunatosha?

Mleta mada

Wakuu, kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni tunasikia kutoka Dodoma kwamba mbunge fulani kashika shilingi ya waziri, na mtaani watu wanashangilia. Mara nyingi jioni hiyo hiyo shilingi inarudishwa na fungu, yaani fedha za wizara hiyo, linapita kama lilivyokuja. Lawama zote tunawatupia wabunge kwamba ni waoga. Mimi nasema tuanze na Katiba. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia jambo lolote la kutoza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka pendekezo litoke kwa Rais na liwasilishwe na waziri. Kilichoachwa wazi ni kupunguza tu. Kuhamisha ni kupunguza huku na kuongeza kule, kwa hiyo nako mlango umefungwa.

Ndiyo maana hoja inakuja kwa sura ya shilingi moja. Kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha fedha za wizara, kikifika kifungu 1001, cha utawala na rasilimali watu, ambamo mshahara wa waziri umo, mbunge anasimama na kusema asipopata maelezo ya kuridhisha ataondoa shilingi. Waziri anajibu. Asiporidhika anatoa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, wachache wanachangia, Mwenyekiti anawahoji. Hata akishinda, kituo cha afya alichokuwa anakidai hakijapata hata senti. Kashinda kupunguza mshahara.

Pendekezo langu: ibara ya 99 irekebishwe, Kamati ya Bajeti iruhusiwe kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine, jumla ya bajeti ikibaki ile ile.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, umeidharau sana shilingi. Julai 2011 bajeti ya Nishati na Madini ilikataliwa kwa maneno makali kwa sababu ya mgawo wa umeme, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasimama kuomba iondolewe ikafanyiwe kazi. Ilirudi Agosti. Aprili 2013 Wizara ya Maji nayo ilikwama, Serikali ikaenda kutafuta na kuja na nyongeza ya Sh bilioni 184.5. Ibara ya 99 ilikuwa hii hii. Wabunge hawakuhamisha chochote kwa mkono wao. Waligoma, na mwenye mamlaka ya kuongeza akaongeza.

Mchangiaji wa 3

Mifano ni ya kweli, ila tazama kalenda. Mwaka 2011 Bunge la bajeti lilikuwa linakwenda mpaka Agosti, mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza. Mwaka 2013 mzunguko ukabadilishwa ili kila kitu kiishe kabla ya Julai 1. Kwa kupanga matumizi ni jambo zuri, halmashauri zinaanza mwaka zikijua zina nini. Kwa kugoma ni balaa. Maji ilikwama Aprili, muda wa kurekebisha bado upo. Wizara inayosomwa mwishoni mwa Mei ikikwama, nani ataitafutia fedha wakati vitabu vimeshafungwa na hotuba kuu ya bajeti inasomwa katikati ya Juni?

Halafu kuna gilotini. Saa ikifika, vifungu vyote vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo bila mtu kuuliza. Mara nyingi vinavyobaki ni vya Kitabu cha Nne, yaani miradi ya maendeleo, kwa sababu muda wote umeliwa kwenye mshahara wa waziri.

Na juu ya yote ipo ibara ya 90(2)(b): Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kura ya bajeti inapigwa kwa kuita majina, mmoja mmoja. Mbunge aliyetumia fedha nyingi kwenye kampeni anajua "Hapana" yake inaweza kumrudisha jimboni kuomba kura upya. Mkirekebisha 99 mkaiacha 90, mmepaka rangi tu.

Mchangiaji wa 4

Napinga pendekezo la mleta mada, na sababu yangu ni ya kiutendaji. Wabunge wakipewa kuhamisha, kila mmoja atavuta kwake. Chukua barabara iliyoingizwa kwenye kitabu mwezi Juni bila upembuzi yakinifu wala usanifu wa kina. Fedha ipo kwenye kitabu, lakini zabuni haiwezi kutangazwa kwa sababu hakuna michoro wala makisio ya gharama. Mhandisi mshauri anatafutwa kwanza, na miezi inakwenda. Juni 30 inafika, fedha haijatumika. Wakati huohuo mradi uliokatwa ulikuwa na mkandarasi tayari eneo la kazi, hati zake za madai hazilipwi kwa wakati, riba inaanza kuhesabika. Tumelipa mara mbili bila kupata hata kilomita moja.

Mchangiaji wa 5

Kenya wamelijibu hilo kwa sheria. Sheria yao ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka nyongeza yoyote ya Bunge kwenye matumizi ifidiwe na punguzo mahali pengine. Na wana ofisi ya wataalamu wa bajeti ndani ya Bunge. Hata hivyo msidhani wamemaliza. Muswada wao wa fedha wa 2024, ule wa kupanga kodi, ulipita Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, huku vijana wakiwa mlangoni mwa Bunge. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini. Mamlaka ya kubadilisha muswada wabunge walikuwa nayo, na walishaondoa VAT ya mkate. Lakini kilio cha wananchi kilikuwa muswada mzima.

Mchangiaji wa 6

Mnazungumzia matumizi tu, kodi mmeisahau, na huko ndiko mwananchi anakoumia. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, 2021. Sheria iliyopitishwa na Bunge iliweka kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa muamala, viwango vyenyewe akaachiwa waziri avipange kwa kanuni. Watu walipolalamika, vikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha 2022 kiwango cha juu kikashuka kutoka Sh7,000 hadi Sh4,000. Punguzo la kwanza lilikuja kwa kanuni, bila Bunge kupiga kura. Kwa hiyo wabunge walibeba lawama ya kupitisha, na mkono wa kupunguza ulikuwa kwingine.

Fananisha na saruji mwaka 2023: Sh20 kwa kilo iliandikwa ndani ya sheria, Sh1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Hapo kiwango kinaonekana, mbunge anajua anapigia kura nini. Kabla ya kugusa Katiba, wabunge wakatae muswada wowote wa fedha unaomwachia waziri kupanga kiwango.

Mleta mada

Mchangiaji wa 4, hoja ya barabara isiyo na usanifu nimeikubali. Basi pendekezo langu nalibana: kuhamisha kufanyike ndani ya fungu la wizara moja tu, kwenda kwenye mradi ambao usanifu wake umekamilika, na kufanyike Machi kwenye kamati ya kisekta, si Juni. Kuhusu 90(2)(b) nakubaliana na wa 3, ziende pamoja.

Mchangiaji wa 6

Hilo naliunga mkono, ila litachukua miaka. Kwa Juni ijayo njia iliyo wazi ni jedwali la marekebisho kwenye Muswada wa Fedha. Ibara ya 99 inaruhusu kupunguza kodi, kwa hiyo mbunge yeyote anaweza kuandika kifungu, mstari, kiwango kilichopo na anachotaka, akawasilisha kabla muswada haujaingia Kamati ya Bunge Zima. Majedwali mengi ya wabunge yanaangushwa kwa swali moja la waziri: pengo la mapato tutaliziba na nini? Mwenye jedwali aje na jibu la swali hilo akiwa amelitoa Kitabu cha Pili, yaani matumizi ya kawaida ya wizara, fungu kwa fungu, kifungu kwa kifungu: safari, semina, samani. Punguzo hilo nalo anaruhusiwa kulitaka, lakini ni lazima alidai mapema, wizara husika ikiwa bado mezani. Muswada wa Fedha ukifika, mafungu yameshapita.