Kasri la Egerton, Nabongo wa Matungu au Makumbusho ya Kisumu: kikundi cha sanaa kiende wapi?

Mlezi_Kondele
Hamjambo wote. Kikundi cha maigizo na uchoraji hapa Kondele kina vijana 38 na walezi 4, jumla 42. Tunapanga safari ya siku moja mwezi wa nane, shule zikifunga. Tunataka makao ya kale ya mtu mkubwa ambayo leo ni mahali pa sanaa na utamaduni. Vijana wachore, waone ngoma ya wenyeji, na waelewe jengo la kale linavyopewa kazi mpya. Nina sehemu tatu: Kasri la Lord Egerton kule Nakuru, Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga, kule Matungu, na Makumbusho ya Kisumu hapa nyumbani. Naomba mnilinganishie njia, muda, na yale yanayoweza kuharibika. Tafadhali msiniambie zote ni nzuri.

Njoro_Baridi
Nianze na kosa linalowapoteza wengi. Kasri halipo ndani ya Chuo Kikuu cha Egerton. Chuo kiko Njoro, kasri liko Ngata, kama kilomita 14 kutoka Nakuru mjini, ingawa chuo ndicho kinacholisimamia. Ukimwambia dereva "Egerton" basi, anaweza kuwashusha langoni pa chuo na asubuhi yenu ikaishia hapo. Mwambie Ngata, kwenye kasri.

Kwa jengo lenyewe, hakuna la kulifikia upande wetu huu wa nchi. Maurice Egerton, baroni wa nne wa Tatton, alianza kulijenga mwaka 1938. Vita Vikuu vya Pili vikaikatiza kazi, likamalizika 1954, naye akafariki 1958. Vyumba zaidi ya 50 kwa mwanamume asiye na mke wala mtoto, na miaka minne tu ya kuvikaa. Kijana wa maigizo akisimama kwenye ukumbi wa dansi, mbele ya kile kinanda kikubwa cha mabomba, hahitaji kuelezwa upweke ni nini. Mtasimuliwa pia habari za mwanamke aliyemkataa. Waambie vijana waipokee kama simulizi, waigize wakipenda, lakini wasiiandike kwenye daftari la historia kana kwamba imethibitishwa.

Vyumba vingi ni vidogo na ngazi ni za kupanda mmoja mmoja. Watu 42 wakiingia pamoja, walio nyuma hawasikii neno la mwongozaji. Gawa makundi matatu ya watu 14: moja ndani, moja linachora nje, moja linakula au kufanya mazoezi bustanini. Zamu iwe dakika 50.

Usiende Jumamosi. Bustani zile hukodishwa kwa harusi, na ukikuta mahema na spika, uchoraji umekwisha. Barua iende kwa chuo wiki tatu kabla, itaje idadi, umri, na kama mtaigiza au kupiga picha kwa kamera kubwa. Msiposema mapema, mtazuiwa mlangoni na mlinzi ambaye hana mamlaka ya kuwaruhusu. Mwisho, sweta. Upande ule wa Njoro na Ngata uko kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130. Watoto wa ziwani hutetemeka pale hata jua likiwaka.

Dereva_Mau
Nimkubalie Njoro_Baridi kuhusu jengo, lakini mlezi ametaja siku moja. Haiwezekani kwa usalama.

Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho na Mau Summit ni kama kilomita 185. Basi la viti 51 likiendeshwa kwa adabu ni saa nne, ongeza nusu saa ya choo na chai Kericho. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri mtafika Ngata saa tatu na nusu. Zamu tatu za dakika 50, chakula, na kukusanya watoto: ni saa nane na nusu hapo, saa tisa ukichelewa. Kurudi ni kupanda nyuma ya malori kutoka Salgaa hadi Mau Summit, na giza litawakuta kabla ya Ahero.

Wakati wa kwenda, tatizo ni mteremko wa Sachang'wan kushuka Salgaa. Ukungu wa asubuhi upo huko juu, na magari mazito hupoteza breki kwa sababu dereva amekanyaga breki njia nzima badala ya kushuka kwa gia ndogo. Breki zikipata moto hazishiki. Muulize dereva wako kabla hujalipa atashuka vipi. Asipotaja gia, tafuta mwingine.

Kama ni Nakuru, lala Nakuru. Siku ya pili mtaongeza Hyrax Hill, kama kilomita 4 kutoka mjini kwenye barabara ya Nairobi. Ile ni nyumba ya shamba iliyofanywa makumbusho mwaka 1965, na juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa zamani. Mary Leakey alichimba pale 1937.

Mwana_wa_Elureko
Mlezi, ukisikia "kasri la Nabongo" usitarajie kuta za mawe. Boma la Nabongo Mumia lilikuwa Elureko, mji unaoitwa Mumias leo. Wafanyabiashara Waswahili wa misafara walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu baba yake Mumia. Lilikuwa boma la udongo, miti na nyasi, na vitu hivyo havisimami miaka 140. Kituo cha utamaduni kiko Matungu, palipo na makaburi ya wafalme, Eshiembekho. Kwa hiyo anayetaka jengo la kale aende Ngata. Anayetaka ufalme ambao watu wake bado wanauita wao, aje huku.

Mumia alitawala kuanzia 1882 hadi alipofariki 1949. Waingereza walimfanya chifu mkuu mwaka 1909, na Mumias ilikuwa makao ya serikali hadi yalipohamishiwa Kakamega 1920. Waulize wenyeji wawaeleze omukasa, bangili ya shaba ya ufalme. Kitu kidogo cha kuvaa mkononi kilibeba madaraka yote, na kwa kikundi cha maigizo hiyo ni tamthilia nzima.

Njia: Kisumu hadi Kakamega, kisha Mumias, jumla kama kilomita 80, halafu mnaendelea Matungu. Hesabu saa mbili na nusu na basi. Uliza siku moja kabla kama njia ya mwisho inapitika. Mvua za huku hupiga alasiri, na murram ikilowa basi refu huteleza. Fika mapema, ondoka kabla ya saa tisa.

Na hili ni la heshima. Makaburini hamwingii kama mnaingia darasani. Mnasubiri mwenyeji, anatangulia, mnauliza kama picha zinaruhusiwa, na hakuna kuegemea wala kuchora hadi mruhusiwe. Waambie vijana haya ndani ya basi, si baada ya kushuka.

Nyakisumu
Mnayapita makumbusho ya Kisumu haraka. Ni kweli hayakuwa nyumba ya mtawala, yalijengwa kwa kazi hiyo na kufunguliwa mwaka 1980. Lakini Ber-gi-dala mle ndani ni boma zima la Kijaluo kwa ukubwa wake halisi: nyumba ya mikayi (mke wa kwanza) ikitazamana na lango, ya nyachira (wa pili), ya reru (wa tatu), simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, karibu na lango, ghala. Kijana anatembea ndani ya mpango wa familia na kuona cheo cha kila mtu kwa mahali nyumba yake iliposimama. Kasri la Ngata haliwezi kumfundisha hivyo kwa sababu wageni huzungushwa tu.

Nauli ni ya matatu ya mjini, mnashuka barabarani tu. Malipo ya Makumbusho ya Taifa hupitia eCitizen, kwa hiyo lipeni jioni ya kuamkia siku hiyo. Mtandao ukisumbua langoni, watu 42 watasimama juani.

Ushauri wangu: msiifanye ndiyo safari. Ifanyeni mazoezi ya safari, Jumamosi moja kabla. Mtajua nani hupotea, nani husahau penseli, na zamu zenu zinachukua dakika ngapi kweli.

Mpiga_Ngoma
Kuhusu ngoma. Watu wakifika Mumias huomba isukuti, kisha hulalamika imechezwa vibaya. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho, upande wa Kakamega, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Matungu waombe Wawanga nyimbo zao wenyewe. Mkiwalazimisha kucheza za jirani, mtapata kivuli cha ngoma.

Mapatano yawe haya: nyimbo ngapi, kila moja dakika ngapi, wachezaji wangapi, nauli yao nani analipa, na vijana wataruhusiwa kushika ngoma au la. Lipa nusu kabla, nusu baada ya kucheza. Ukilipa yote mapema, watakuja wanne badala ya kumi. Usipolipa kitu, hawataacha shamba zao kwa neno la simu. Na msiwaweke waje saa ile ile mnayofika. Wape saa moja baadaye, kwa sababu basi lenu ndilo litakalochelewa.

Mlezi_Kondele
Asanteni sana. Naona ni Matungu, na makumbusho yetu yawe mazoezi. Nakuru itasubiri mwaka wa pesa za malazi. Bado mawili: chakula, na tuchore nini pasipokuwa na jengo kubwa?

Mama_Jikoni
Chakula agiza Mumias siku moja kabla, dada. Kuku wa kienyeji hachemki kwa nusu saa, na ukifika njaa ikiwa imeshaanza watakupa wa gredi. Kuku mmoja hutoa vipande 8. Vipande viwili kwa mtu ni 84, kwa hiyo kuku 11. Unga wa ugali gramu 200 kwa mtu ni kilo 8 na kidogo, nunua pakiti 5 za kilo mbili. Mboga za majani, sukuma au mrenda, usiwasahau wasiokula nyama. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu ni lita 63, chukua mitungi 4 ya lita 20 na kila kijana abebe chupa yake. Soda ziache Kisumu, huleta safari za choo katikati ya maelezo ya mzee.

Brashi_na_Penseli
Mchore watu na vitu, mlezi. Mikono ya mpiga ngoma, mkunjo wa ngozi kwenye ukingo wa ngoma, kifundo cha kamba. Kila kijana achague kitu kimoja akichore mara tatu: dakika 2, dakika 5, dakika 20. Ile ya dakika 2 ndiyo huwa na uhai, na wengi hawaamini hadi waziweke tatu pamoja.

Vifaa: karatasi za A4 sita kwa mtu, ubao mdogo na kibanio, penseli ya HB na ya 4B, kifutio, kichongeo kimoja kwa watano. Rangi za maji na makaa viacheni. Karibu na vitu vya makumbusho, tone moja la rangi au vumbi la makaa haliondoki kwenye ngozi wala mti mkongwe, na kikundi kitakachofuata ndicho kitakachonyimwa ruhusa.

Mwana_wa_Elureko
Nyongeza kwa Brashi: mkiondoka, acheni michoro miwili mitatu pale kituoni, iliyo mizuri, na majina ya waliochora nyuma yake. Na barua yenu iseme wazi mtaomba mzee wa kusimulia Kiswahili. Msiposema atasimulia Kiwanga, vizuri sana, na nusu ya vijana wa Kondele hawataambulia kitu.