Kung'arisha kofia ya propela ya Cessna 172: niifanyeje na niishie wapi?

Mwenye Ndege (Lubumbashi)

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Ninayo Cessna 172 ya mwaka 1975 inayolala katika hangari hapa uwanja wa ndege wa Luano. Kofia yake ya mbele, yaani ile koni ya alumini inayofunika kitovu cha propela, imeanza kubanduka rangi, na pale rangi ilipotoka bati limefifia, likawa na madoa ya kijivu pamoja na vitundu vidogo kama vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano. Badala ya kuipaka rangi upya, ningependa kuondoa rangi yote na kuing'arisha hadi mtu aweze kujitazama ndani yake.

Je, naweza kuifanyia kazi ikiwa bado imefungwa, au ni lazima niifungue? Nianze na msasa wa namba gani? Jirani yangu wa hangari ananishauri nitumie majivu na ndimu, kama wanavyosugua sufuria nyumbani, kisha nimalizie kwa drili yenye kitambaa. Ningependa kazi hii iishe kabla ya mvua za Novemba.

Fundi wa Luano

Ndugu yangu, ifungue. Sababu ya kwanza ni usalama wako mwenyewe. Magneto za injini ya pistoni, yaani vifaa vinavyotoa cheche za kuwasha mafuta, hujizalishia umeme bila kutegemea betri, na waya wa kuzizimia ukiwa umekatika, injini inaweza kushtuka na kuwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, mradi tu propela isogezwe kidogo. Mtu anayesugua kofia kwa nguvu huku akiegemea pala, yaani bawa la propela, anaisogeza propela bila kujua.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Kofia hii si pambo, ni kiungo kinachozunguka pamoja na propela. Injini ya ndege yako inaruhusiwa kufika mizunguko 2,700 kwa dakika, yaani 45 kwa kila sekunde, na kwa kasi hiyo gramu moja iliyo sentimita 15 kutoka katikati huvuta kuelekea nje kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo moja. Ndiyo maana nyufa huanzia kwenye matundu ya skrubu na kwenye kona za nafasi zinazopitisha pala, na ndiyo maana sehemu hizo hukaguliwa kabla msasa haujagusa bati. Alumini ni laini: ukiisugua, tabaka la juu hulala na kufunika mdomo wa ufa, kisha hata ile dawa nyekundu ya kupenya nyufa, inayotumika kuzifichua, haiingii. Mtu aliyeng'arisha kwanza na kukagua baadaye huona uso safi usiomwambia kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa skrubu, weka alama kwenye kofia na kwenye bamba la nyuma inapofungwa kofia hiyo, ili virudi vilivyokuwa, kwa sababu ukizungusha kofia hata tundu moja unaweza kuleta mtikisiko usiokuwapo. Alama hiyo iwe ya kalamu ya wino, kamwe isiwe ya penseli, maana risasi ya penseli ni kaboni na huamsha kutu kwenye alumini. Hesabu washa laini zilizo chini ya vichwa vya skrubu, na zilizochakaa uzibadilishe, kwa kuwa bila hizo kichwa cha skrubu hula bati moja kwa moja. Osha kofia kwa sabuni laini, ikaushe, kisha pitia kila tundu kwa kioo cha kukuzia, ndani na nje.

Mng'arishaji wa Likasi

Papa Fundi amesema la msingi, nami nitaongeza ya mikono.

Majivu na ndimu viache jikoni. Maji ya majivu ni makali kama magadi, na huyeyusha ule utando mwembamba wa oksaidi unaoilinda alumini, wakati mchanga uliomo ndani yake huacha mikwaruzo ambayo utaitafuta kwa siku kadhaa. Sufuria haijali, maana haizunguki wala haitazamwi na mkaguzi. Steliwaya nayo ni mbaya zaidi: chembe zake za chuma hubaki zimezama katika alumini, na maji yakifika, metali hizo mbili hupigana na kutu huanzia hapo hapo. Rangi ya zamani iondolewe kwa dawa ambayo kopo lake linasema wazi kuwa inafaa kwa alumini. Soda kali ya kuzibulia mabomba inaila alumini huku ikitoa povu la haidrojeni.

Baada ya hapo, tumia msasa wa maji. Kwa uso unaoueleza, ningeanza na namba 600, na 400 ningeitumia tu mahali ambapo ukucha unakwama kwenye mkwaruzo. Kisha fuata 800, 1000, 1500 na 2000, ukibadilisha mwelekeo kila unapobadilisha namba, ili uone kwa macho kwamba mistari ya msasa uliotangulia imekwisha kabla hujasonga mbele. Anayeruka namba moja huja kuiona mistari yake juani, wakati dawa imekwisha kupakwa. Vitundu vya juu juu vitaondoka, lakini vile vya ndani viache, kwa sababu kukifuata kitundu kimoja hadi chini ni kulipunguza bati upande mmoja, nalo bati hilo linatakiwa kubaki na uzito sawa pande zote.

Dawa ya kung'arishia huuzwa kwa viwango vya ukali. Kampuni ya Nuvite wanazo za hatua kwa hatua kwa ajili ya ndege, na wengine huridhika na dawa ya magari ya Mothers. Paka kidogo, sugua kwa kitambaa cha pamba, na usishtuke kitambaa kikiwa cheusi tii, kwa kuwa weusi huo ni alumini inayotoka na ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Utelezi unaobaki hufutwa vizuri kwa unga wa ngano mkavu, ambao hunywa mafuta bila kukwaruza (wa mahindi ule wa bukari ni mzito mno kwa kazi hii). Drili hugusa eneo dogo, hulipasha moto na kuacha mawimbi, kwa hiyo kwa kofia moja mikono inatosha.

Angalizo moja: usichukuliwe na uhondo ukahamia kwenye ngozi ya ndege. Mabati mengi ya ndege yamevikwa alumini safi kama asilimia 5 tu ya unene kila upande, yaani bati la milimita 1 lina kinga ya milimita 0.05, na msasa huimaliza haraka.

Rubani wa Kolwezi

Mimi ningeipaka rangi. Alumini iliyo wazi hufifia, itabidi kuipaka nta na kuisugua tena na tena, na vumbi letu jekundu la kiangazi likifutwa kavu ni sawa na msasa. Zaidi ya hayo, kofia inayong'aa ikizunguka huonekana kana kwamba imesimama. Kwenye viwanja vya vijijini, ambako watoto hukimbilia ndege kabla injini haijazimwa, ningependelea kofia nyeusi yenye mstari mweupe wa kuzunguka, unaomwonyesha kila mtu kwamba kitu hiki kinakwenda.

Mwenye Ndege (Lubumbashi)

Nawashukuru wote. Nimeifungua na kuiosha. Kwenye tundu moja la skrubu, upande wa ndani, naona mstari mweusi mwembamba kama unywele, wa urefu wa milimita chache, usiofutika kwa kitambaa. Upande wa nje bado kuna rangi, kwa hiyo sioni kitu. Je, nipitishe msasa wa 600 hapo tu nione kama ni mkwaruzo?

Fundi wa Luano

Hapana, usipitishe chochote. Rangi ya upande wa nje iondolewe kwa dawa pekee, bila kukwangua, kisha fundi mwenye leseni anayeisimamia ndege yako aipime kwa dawa ya kupenya nyufa pande zote mbili. Mstari ukitoa wekundu, usikubali mtu akutobolee tundu dogo mwishoni mwa ufa ili kuuzuia, wala kuchomelea. Bamba la nyuma nalo lipimwe, maana mara nyingi ndilo lililolegea kwanza likaanza kuitikisa kofia, na ukifunga kofia mpya juu ya bamba bovu itapasuka pale pale. Kuhusu mng'ao au rangi, mtaamua na Rubani wa Kolwezi mkishajua kama kofia hii itarudi kwenye ndege.