VICP (mpango wa Marekani wa fidia kwa walioumizwa na chanjo): rekodi inasema mkono wa kushoto, bega linalouma ni la kulia

Nyar Kisumu:
Habari zenu. Jameni nisaidieni. Oktoba nilidungwa chanjo ya flu kwa famasia, ile sisi CNA (wasaidizi wa wauguzi) tunalazimishwa kila mwaka, na yule kijana alidunga juu sana, karibu na mfupa kabisa, usiku huohuo sikulala. Sasa ni mwezi wa tisa ugali nasonga na mkono wa kushoto na sidiria nafungwa na mtoto wangu. MRI ilionyesha uvimbe ndani ya bega. Shida ni rekodi, wameandika KUSHOTO na bega lililoumia ni la kulia. Nimerudi mara tatu wananiambia ikishaingia kwa kompyuta haibadiliki. Kuna mtu alipambana na hii akafaulu?

Wa Bungoma:
Pole sana dada. Harakisha, mwaka mmoja ukiisha wamekufungia.

Mwana Nakuru:
Wa Bungoma acha kupotosha watu tafadhali. Mwaka mmoja ni CICP, ile fidia ya chanjo ya korona. Flu iko VICP, ni miaka 3 tangu dalili zianze, na SIRVA, yaani bega kuumizwa na sindano ya chanjo, iko kwa Table, ile orodha yao ya majeraha, tangu 2017, bora uchungu uwe ulianza ndani ya saa 48 na umezidi miezi 6. Na wakili hakati pesa yako, ni ule mfuko unamlipa. Mimi nilivumilia miezi minne nikimeza dawa, shifti mbili kila siku, kufika kwa daktari akaandika naumwa "tangu wiki kadhaa". Hayo maneno tu yalinisumbua miaka miwili.

Wa Bungoma:
Sikupotosha, nimesema yaliyonipata. Yangu ilikuwa ya korona, sikupata hata senti na wakili nikamlipa mwenyewe. Angalau huku kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Nyumbani Kenya wametoa bima ya afya ya NHIF wakaleta SHA, mamangu alipovunjika mkono ni sisi tulichanga.

Mama Kakamega:
Mambo ya SHA tuyaache leo. Nyar Kisumu, ungekuwa nyumbani tungekukanda na maji moto ya chumvi jioni, watoto wakibeba maji, mtu hapambani na bega peke yake kwa apartmenti. Hiyo ndiyo inaniuma.

Nyar Kisumu:
Asante Mama, umeniliza. Hiyo miaka 3 naijua, wakili ameshajaza fomu. Ni huo mkono tu. Picha ninayo, mwenzangu alinipiga tukiwa kwa gari tukitoka kudungwa, plasta iko bega la kulia. Sijui kama wataikubali.