Mjadala: Mgonjwa akipoteza morfini yake, apewe ya siku tatu au asubiri tarehe?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo naomba tulijadili kwa utulivu, maana limenikaa kifuani.

Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi iliyofika kwenye mifupa ya kiuno. Huu ni mwaka wa pili anatumia morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu: mililita 5 kila baada ya saa nne, na ya kulalia ni mililita 10 ili maumivu yasimwamshe. Tunampimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kwa dawa hiyo anapika, anakwenda kanisani, anagombana na wajukuu. Hajawahi hata siku moja kuonekana amelewa.

Ijumaa moja tulitoka kliniki na chupa mbili za nusu lita, za mwezi mzima. Kituo cha mabasi mkoba ukaibwa. Ndani mlikuwa na simu yangu, pesa kidogo, kadi ya kliniki na chupa zote mbili. Mimi nililia simu. Mama alilia chupa, nami nikaona anakuza mambo.

Kipimo cha mwisho alikunywa saa nne asubuhi. Saa moja jioni akaanza miayo. Si ya usingizi, ni miayo inayofuatana mpaka taya linauma. Makamasi yakafuata, na machozi ya mtu asiyelia. Kufika saa sita usiku kanga imelowa jasho huku anatetemeka kwa baridi, malaika wa mikononi wamesimama wote, tumbo linamsokota, na kuhara nimeacha kuhesabu. Miguu ilikataa kutulia, anapiga teke ukuta bila kutaka. Na maumivu ya kiuno, yale ambayo dawa ilikuwa imeyafunika, yakarudi juu ya hayo yote.

Asubuhi nikampeleka hospitali iliyo karibu nasi. Aliyekuwa zamu akaniambia dawa ya mwezi imeshatoka, arudi tarehe yake. Nyuma yake mtu akasema, "Hawa ndio wanaouza." Mama yangu, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini, alisikia. Tukitoka getini, kijana mmoja anayeshinda pale, ambaye mtaa mzima unamwita teja, alimtazama mara moja tu akasema, "Dada, huyu mama ana arosto. Mtafutieni dawa yake." Ndiye wa kwanza kumwelewa tangu usiku ule.

Dawa tuliipata Jumatatu alasiri.

Hoja yangu ni hii: mgonjwa mwenye rekodi ya kudumu, akipoteza dawa ya jamii hii, mfamasia wa karibu aruhusiwe kumpa ya siku tatu, iandikwe, kliniki yake ijulishwe. Mnasemaje?

Mfamasia, Tanga

Dada, pole sana na mpe mama pole zangu. Nitasema wazi, hoja yako siikubali.

Kwanza, famasi nyingi za mitaani hazina morfini kabisa, na maduka ya dawa muhimu hayaruhusiwi hata kuigusa. Unaomba itoe mtu asiyekuwa nayo. Dawa unayoweza kuikuta kwangu ni tramadoli, ya maumivu pia na ya jamii hiyohiyo, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Vijana wanaimeza ili wabebe mizigo usiku kucha, wengine wanaanguka kifafa, kwa sababu tramadoli ikizidi huleta degedege. Anayekuja akasema "nimeibiwa" na anayekuja kununua starehe wanasema maneno yaleyale. Wapo wenye cheti halisi kabisa ambao chupa zao "huibwa" kila mwezi.

Pili, kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Nikikosea, leseni inayoondoka ni yangu, na mahakamani nitasimama peke yangu.

Mchangiaji, Mwanza

Mfamasia yuko sahihi. Tumeona Marekani ilivyoteketea: ilianza kwa vidonge vya daktari, ikaishia watu zaidi ya laki moja kufa kwa mwaka mmoja kwa kuzidisha dawa. Sisi tunataka kufungua mlango huohuo? Na samahani kwa kusema hivi, lakini kama mtu akikosa dawa siku moja anafika hali hiyo, basi huyo ameshakuwa mraibu, hata kama ni mama wa mtu.

Mleta mada

Ndugu wa Mwanza, hapo ndipo penye kosa linalowatesa wagonjwa, naomba nilifafanue.

Utegemezi wa mwili na uraibu ni vitu viwili. Mtu yeyote, awe askofu au mtoto wa miaka kumi, akinywa morfini kila siku kwa wiki kadhaa, mwili wake unajipanga kuizoea. Morfini hufunga choo. Ikikatika ghafla, tumbo hufunguka. Hutuliza mishipa ya fahamu, ikikatika, mishipa yote inaamka kwa pamoja. Ndiyo arosto. Inaanza kati ya saa nane na ishirini na nne baada ya kipimo cha mwisho, inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha inapungua kwa siku kadhaa. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa hata inapomharibia maisha na hawezi kujizuia. Mama yangu dawa ilikuwa inamrudishia maisha.

Na hilo la Marekani lina sehemu ya pili ambayo huku haisimuliwi. Baada ya hofu, madaktari wengi walianza kuwakatia wagonjwa ghafla. Aprili 2019 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilitoa onyo rasmi kwamba kumkatisha ghafla mtu aliyezoea dawa hizi kumeleta arosto kali, maumivu yasiyodhibitika, mtu kuhangaika kutafuta dawa kwingine, na hata kujiua. Walichoshauri ni kushusha kipimo taratibu, kidogokidogo kwa wiki nyingi. Kwa hiyo ukiitaja Marekani kama funzo, taja yote mawili.

Mfamasia, la famasi kutokuwa na morfini umenishinda. Sikulifikiria. Nitalirudia.

Niko kwenye methadoni, Dar

Dada'angu, nimesoma habari ya yule kijana wa getini mara mbili. Mimi nilikuwa kama yeye.

Naunga mkono mama apewe dawa. Lakini kuna kitu kinaniuma kwenye mjadala huu wote: kila anayemtetea mama anaanza kwa kusema "huyu si teja." Sawa, si teja. Je, angekuwa teja, ndiyo aachwe anahara sakafuni? Arosto yangu na ya mama ni ileile, miguu ileile inayopiga ukuta. Tofauti ni kwamba mimi hakuna aliyenilaza kwenye godoro.

Nakunywa methadoni, dawa ya kutusaidia kuachana na heroini, kila siku mbele ya muuguzi, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Nikikosa siku kadhaa mfululizo hawanirudishii kipimo changu moja kwa moja, wanakishusha kwanza. Sababu ni kwamba mwili husahau haraka kuliko kichwa. Wenzangu waliokufa hawakufa na arosto. Walikaa siku bila kitu, wakarudi na kipimo chao cha zamani, wakaacha kupumua. Huyo mama alipopata chupa Jumatatu, kuna aliyemwambia apunguze?

Mleta mada

Kaka, asante, na nimekosea kwa namna nilivyoliandika. Umenirekebisha.

Ndiyo, kuna muuguzi wa huduma shufaa, ile ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa kama mama, aliyeambiwa habari zetu kwa simu. Yeye ndiye aliyetutafutia dawa, na akasema aanze na nusu ya kipimo, tumwangalie anavyopumua akilala, kisha tupande. Bila huyo ningemimina mililita 5 na ya kulalia 10 kama kawaida, kwa huruma tu.

Muuguzi mstaafu, Moshi

Wanangu, mnabishana vizuri lakini kuna mtu anasoma hapa usiku huu mgonjwa wake amelala kwenye beseni. Niseme kwanza kwa ajili yake.

Arosto kwa kawaida haiui mtu mwenye nguvu. Inayoua ni kuishiwa maji, hasa kwa mzee au mgonjwa aliyedhoofu. Kwa hiyo kijiko kwa kijiko, maji ya chumvichumvi ya pakiti, hata kama anatapika. Subiri dakika kumi, endelea. Mdomo ukikauka, mkojo ukikoma, akichanganyikiwa, usisubiri asubuhi. Mwanamke mjamzito asisubiri hata kidogo, mimba inaweza kuharibika.

Msimpe tramadoli ya jirani. Msimpe dawa ya kuzuia kuhara kwa viganja mkidhani zaidi ndiyo nafuu. Ile loperamidi ikizidi sana inavuruga mapigo ya moyo. Panadoli na diklofenaki zitagusa maumivu kidogo, arosto haziondoi. Daktari ana dawa kama klonidini ya kupunguza jasho na mitetemo, ila inashusha presha, kwa hiyo ni ya kupimwa hospitali, si ya kununua dirishani.

Na mnapokwenda, bebeni chochote chenye maandishi: cheti cha zamani, chupa tupu ya mwezi uliopita yenye lebo, losi ripoti ya polisi. Msiseme "ameishiwa dawa." Semeni: "Ana saratani, anatumia morfini kipimo hiki, amekosa kwa saa kadhaa, ana dalili za kukatika ghafla." Maneno hayo yanabadilisha sura ya aliye zamu. Nimekaa dirisha lile miaka mingi, najua.

Mchangiaji, Masaka

Nawasalimu kutoka Uganda. Kwetu morfini ya maji ilianza kusambaa kupitia Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea huduma shufaa kuiandika wenyewe. Si daktari peke yake. Baba yangu aliandikiwa na sister aliyekuja kwa pikipiki mpaka nyumbani. Kwa hiyo swali lenu mngelihamisha: badala ya kuuliza mfamasia aruhusiwe au la, ulizeni kwa nini Jumamosi hapakuwa na muuguzi mwenye mamlaka ya kuandika.

Mbongo wa Leicester

Nichangie la Uingereza, ninakotumia kodini, dawa nyingine ya maumivu ya jamii hii, kwa ajili ya mgongo. Hapa mfamasia anaweza kumpa mgonjwa wake dawa ya dharura bila cheti akijiridhisha. Kodini ya kawaida, mwisho siku 5. Lakini tramadoli ilipandishwa kwenye kundi la dawa zinazodhibitiwa zaidi Juni 2014, na tangu hapo haimo kwenye ruhusa hiyo; vidonge vya morfini pia havimo. Ukizipoteza unapiga simu ya afya ya saa zote, unatafutiwa daktari wa zamu. Kwa hiyo hata huku mlango haukuachwa wazi. Kilichopo ni namba ya kupiga usiku wa manane.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Naibadilisha hoja yangu, na naiweka tena mezani.

Naondoa famasi za mitaani. Naomba kila hospitali ya wilaya iwe na chupa ya dharura ya morfini ya maji, na mtu mmoja wa zamu, hata muuguzi, mwenye mamlaka ya kutoa ya siku tatu kwa mgonjwa aliyesajiliwa kliniki yoyote nchini. Apige simu kliniki, athibitishe jina na kipimo, aandike. Kama ameshakaa zaidi ya siku moja bila dawa, aanze chini kama kaka wa methadoni alivyosema. Mara ya pili ikitokea ndani ya muda mfupi, apewe kidogokidogo kila siku badala ya chupa nzima, wala asifukuzwe. Hapo mwizi wa dawa hapati faida, na mgonjwa haachwi.

Wanaosema tutavunja mikataba ya kimataifa: Mkataba wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 wenyewe unasema mwanzoni kabisa kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kupunguza maumivu, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Kuzuia na kutoa viliandikwa pamoja.

Mchangiaji, Mwanza

Sijabadilika kuhusu tramadoli. Kuhusu mama mwenye saratani, nilisema vibaya. Niwie radhi dada.

Mfamasia, Tanga

Toleo hili la pili naweza kulitetea hata mbele ya wenzangu. Nina swali moja tu, maana kwenye karatasi kila kitu ni rahisi: kadi ya kliniki iliibwa pamoja na mkoba. Jumamosi, kliniki imefungwa, hakuna wa kupokea simu. Muuguzi wa zamu athibitishe kwa kutumia kitu gani?

Mleta mada

Hilo ndilo nililojibu kwa vitendo. Sasa hivi picha ya kadi ya mama, lebo ya chupa na cheti cha mwisho ziko kwenye simu tatu: yangu, ya kaka na ya katibu wa jumuiya. Chupa hazisafiri tena pamoja. Moja inakaa kwenye sanduku la kufuli uvunguni, anayotumia iko juu ya kabati mbali na watoto, na safarini anabeba ya siku mbili kwenye kichupa kilichoandikwa jina na kipimo, ndani ya nguo, si kwenye mkoba.

Lakini nakubali, hilo ni letu sisi wenye simu za picha. Mgonjwa wa kijijini asiye nazo sina jibu lake bado. Mwenye nalo aseme, ninasoma.